Ilie Tu

Jumapili moja asubuhi soja alikuja kwenye kibanda chetu, Kariobangi Light Industries, akiwa bado na yunifomu ya shifti ya usiku. Chini ya sweta alikuwa ameficha ile fimbo nyeusi ambayo Nairobi nzima tunaijua kwa kupapaswa nayo mlangoni: detekta ya mkono, ya kutafuta vyuma. Aliiweka mezani kama mtu anayetoa kuku wa wizi. Mimi husaidia pale siku ambazo hakuna mtu amenipa kazi ya kuandika, yaani siku nyingi. Fundi mwenyewe alikuwa kanisani.

“Boss, hii kitu ilianza kulia ovyo, hata ukiielekeza kwa hewa. Sasa imenyamaza kabisa.”

Nikamwambia aiache hadi Jumatatu, mzee akirudi. Akatikisa kichwa. Ilikuwa ya mlango wa nyuma wa jengo la maduka analolinda, na mlango huo hufungwa Jumapili peke yake. Usiku anaporipoti lazima iwe imerudi. Kila jioni, watu wakibadilishana zamu, supavaiza hupita, anaishika, anataka kuisikia, anaandika kwenye kitabu, anaenda zake. Ikikosa kulia, bei yake inakatwa kwa mshahara wa yule aliyepatikana nayo.

“Sitaki maneno mengi,” akasema. “Nifanyie ilie tu.”

Nimekaa na sentensi hiyo miezi kadhaa sasa.

Niliifungua. Kwa nje detekta inaonekana kama kitu cha sinema, lakini ndani ni vitu vichache mno. Kwenye ile sehemu pana kuna koili, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ya volti 9 hugeuzwa uwe wa kwenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde, unapita kwenye koili, na koili inajizungushia uga wa sumaku. Ukileta chuma karibu, au shaba, au aluminiamu, uga ule unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo inaisumbua koili. Bodi inausikia usumbufu, inapiga kelele. Basi. Haijui bastola, haijui funguo za keja, haijui sufuria. Inajua tu kwamba kuna kitu kimeisumbua. Baruti si chuma, kwa hivyo hiyo haiijui hata kidogo.

Ile ya soja, waya wa koili ulikuwa umekatika ndani ya gundi ngumu ya kiwandani. Imeanguka mara ngapi kwenye sakafu, nani anajua. Mwanzoni ncha mbili zilikuwa zinagusana na kuachana, ndiyo maana ikawa inalilia hewa. Halafu zikaachana kabisa. Spika ilikuwa nzima, taa zilikuwa nzima, betri ilikuwa bado na nguvu. Kutengeneza koili ni kazi ya siku nzima, na mimi peke yangu nisingeweza. Kwenye mshikio kulikuwa na kitufe kidogo cha kupunguza usikivu ambacho karibu hakuna soja hukitumia. Nikatoa waya hapo nikaupeleka kwa spika na taa nyekundu. Dakika 15, matone matatu ya solda. Ukiwasha, taa ya kijani inawaka. Ukibonyeza kitufe kwa kidole gumba, inalia na taa nyekundu inawaka. Usipobonyeza, inakaa kimya hata ukiizika kwenye lundo la misumari.

Nikamwonyesha. Akabonyeza mara mbili, akacheka kidogo, akatoa soo mbili. “Mungu akubariki, kijana.”

Jumatatu nikamweleza mzee, nikijivunia kidogo, kusema kweli. Hakuinua kichwa kutoka kwa redio aliyokuwa akiilehemu.

“Kwa hivyo umemuuzia kengele ya baiskeli.”

Nikajitetea. Mteja alijua. Mteja mwenyewe ndiye aliyeomba. Angekatwa mshahara kwa sababu ya kitu ambacho kampuni yake inapaswa kununua. Mzee akasikiliza yote, kisha akasema kitu kimoja: “Ikiwa imekufa, inakuambia imekufa. Hiyo yako ni maiti umeifungua macho.” Akarudi kwa redio yake.

Niliona anazidisha. Lakini ukikaa na mashine hizi kuukuu muda wa kutosha unagundua kwamba zina njia chache tu za kuharibika, na njia hizo hazilingani kwa ubaya. Isiyowaka kabisa haina shida kwa mtu yeyote. Soja anaiona imezima, anapapasa kwa mikono. Inayolilia kila kitu ni mbaya kidogo. Mara nyingi ni betri iliyomwaga maji ikala vibati vyake, au ile skrubu ndogo ya kurekebisha imezungushwa na mtu asiyejua. Hiyo inamfundisha soja kupuuza, na baada ya wiki moja hasikii tena. Mbaya kuliko zote ni iliyowaka taa ya kijani na haisikii kitu. Ukiitazama huwezi kuitofautisha na nzima iliyokutana na mtu asiye na chuma. Kimya chake kina maana: “Huyu yuko safi.” Mimi sikutengeneza tu mashine inayolia kwa uongo. Nilitengeneza mashine inayonyamaza kwa uongo, na hilo sikuliona siku ile kwa sababu sote wawili tulikuwa tunafikiria kelele.

Kuna kisa cha zamani ambacho mzee hakijui na ambacho angekipenda. Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi Washington, na madaktari wakashindwa kujua risasi iko wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akatengeneza kifaa cha koili cha kuitafuta. Alikijaribu kwa maveterani wa vita waliokuwa wakiishi na risasi miilini, kikafanya kazi. Kwa rais kikamchanganya. Sababu moja ni kwamba kitanda kilikuwa na waya za chuma. Nyingine ni kwamba daktari mkuu alishaamua risasi iko upande wa kulia, akamruhusu Bell apime upande huo tu. Garfield akafa Septemba 19. Walipompasua, risasi ilikuwa kushoto.

Shida ya kitanda tunaijua sana sisi. Jaribu kupima detekta ndani ya kibanda cha mabati, juu ya meza ya chuma, jirani mmoja akigonga masanduku ya shule na mwingine akiyeyusha aluminiamu. Inalia kuanzia unapoiwasha. Kujua kama detekta imepona lazima uitoe nje, uende mahali pasipo na vyuma, na Kariobangi mahali hapo unapatafuta. Mzee hutumia kreti ya plastiki ya soda, katikati ya kiwanja, na huvua mshipi na saa kabla ya kuanza. Mtu akipita anaweza kufikiri ni maombi.

Basi, hoja yangu dhidi ya mzee ilikuwa hivi, na bado sidhani ni ya kipumbavu. Detekta hizi zilitapakaa Nairobi hasa baada ya Westgate, Septemba 21, 2013, watu 67 wakauawa. Waliovamia waliingia wakifyatua. Hakuna mtu alisimama mlangoni akainua mikono apimwe. Tangu hapo tunapimwa kwenye supamaketi, benki, kanisani, kwa ofisi za serikali. Na unajua vile huwa: unainua simu juu kama unayetafuta netiweki, fimbo inapita, inalilia funguo, inalilia zipu, soja anasema “ingia” kabla haijamaliza kulia. Detekta nzima na ile yangu zinafikisha watu mahali pamoja. Kama ni mchezo wa kuigiza, kosa langu ni nini? Nimerekebisha tu vazi la mwigizaji.

Na sanamu ya shambani je? Shosho yangu alikuwa akiweka koti kuukuu juu ya kijiti katikati ya mahindi, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mwongo. Ndege wanaogopa, mahindi yanapona. Mwizi mdogo, kijana mwenye kisu, akiona fimbo anaghairi. Huo si wema?

Nilipokuwa nikiipamba hoja hii nikakumbuka ADE 651. Ni Mwingereza mmoja, James McCormick, aliyeiuzia Iraki na nchi nyingine kifaa chenye mshikio na antena inayoyumba, akidai kinanusa mabomu kwa mbali. Hakikuwa na betri. Kilitokana na kidude cha takriban dola 20 kinachouzwa kwa wacheza gofu eti kiwatafutie mipira iliyopotea, ambacho nacho hakikuwa kikitafuta chochote. Iraki ilikinunua kwa maelfu ya dola kila kimoja na kukiweka kwenye vizuizi vya barabarani Baghdad, mji uliokuwa ukilipuliwa. Aprili 2013 mahakama ya London ilimpata na hatia, akafungwa miaka 10. Miezi mitano baadaye ndipo ikaja Westgate.

Ni rahisi kujitenga na mtu kama huyo. Yeye alivuna mamilioni, mimi soo mbili. Yeye alimdanganya mnunuzi, mimi mnunuzi wangu alijua. Nikashikilia hapo penye “mnunuzi alijua” kama nguzo ya mwisho ya nyumba. Kisha siku moja ya wiki nikapita jengo lile.

Sikwenda kuchunguza. Sawa, nilikwenda kuchunguza. Nilikuwa na kufuli la kibanda mfukoni, lile kubwa, na funguo zake. Kwenye mlango wa nyuma alisimama soja wa mchana, msichana wa rika langu hivi, viatu vya kampuni vikubwa kuliko mguu wake. Fimbo ilikuwa ile ile. Niliijua kwa utepe mweusi nilioufunga kwenye mshikio. Akaipitisha kifuani, mbavuni, mfukoni penye kufuli. Kimya. Kijani. Kidole gumba chake kilikuwa mbali kabisa na kitufe.

“Ingia.”

Nikauliza, kama mtu anayepiga tu stori, “Siz, hiyo mashine iko poa?”

“Iko poa. Ilikuwa inasumbua sana, lakini ilitengenezwa juzi.”

Ilitengenezwa juzi. Nikaingia ndani nikasimama mbele ya duka la viatu bila kuona kiatu.

Augustino, askofu wa Kiafrika aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo karibu mwaka 395. Moja ya mambo anayoyatenganisha ni haya: mtu anaweza kusema jambo lisilo kweli na asiwe mwongo, kama analiamini. Uongo unakaa kwenye moyo uliogawanyika mara mbili, unaojua hili na kutoa lile. Nilikisoma chuoni, kwenye somo la lazima ambalo sisi wa umeme tulilidharau, kabla sijaacha chuo mwaka wa tatu, na nilifikiri ni mambo ya mapadri. Mbele ya lile duka nikaona yule msichana hakuwa mwongo hata kidogo. Kila mtu aliyepita kwake aliambiwa jambo lisilo kweli, na moyo wake ulikuwa mzima. Moyo uliogawanyika ulikuwa wangu, na wa mzee wa usiku, na pengine wa supavaiza anayejaribu detekta kwa kuisikia tu bila kuipitisha juu ya kitu. Sisi tuligawana kujua. Yeye tulimwachia kusimama.

Hapo ndipo sanamu ya shambani inaponiangusha. Koti juu ya kijiti halijui kwamba liko shambani, na ndege akiligundua hakuna kinacholipata. Soja ana mwili. Yeye ndiye wa kwanza mlangoni. Agosti 7, 1998, soja Mkenya kwenye geti la nyuma la ubalozi wa Marekani alikataa kuinua kizuizi lori lipite. Alikuwa na redio ya mkono na neno “hapana”. Lori lililipuka nyuma ya ubalozi, jengo la jirani la Ufundi likaporomoka, watu 213 wakafa Nairobi. Husikii sana habari za kizuizi kile. Lakini mimi nafikiria kwamba mtu yule, kwa sekunde zile, alijua alichonacho na asichonacho mkononi, na aliamua kwa kujua. Msichana wa mlango wa nyuma nilikuwa nimemnyang'anya hilo. Angekuwa na fimbo iliyokufa kabisa angeangalia mikono ya watu, macho, uzito wa mifuko. Mimi nilimpa sababu ya kutoangalia.

Sikumwambia. Hili nalisema kwa sababu linanihusu. Ningemwambia, angemwambia supavaiza, na mzee wa usiku, mwenye watoto shuleni, angefutwa kwa kosa ambalo mkono wangu ndio uliolilehemu. Nikapima: hatari ambayo huenda isije kamwe, dhidi ya kazi ambayo ingepotea kesho. Mizani ya namna hii kila mara huangukia upande wa kukaa kimya, na mimi huwa naishuku kwa sababu hiyo hiyo. Nikatoka kwa mlango wa mbele nisipite tena kwake.

Jumapili iliyofuata nilimngoja mzee wa usiku kwa stage anaposhukia. Nikamwambia nilichokiona. Alishangaa kweli, na ndipo nikajua hakuwa mtu mbaya.

“Nilidhani anajua. Kila mtu si anajua hizi vitu hazifanyi?”

“Hukumwambia kuhusu kitufe?”

“Nitamwambia aje? Ati nimekuachia kijiti?” Akanyamaza. “Na wewe kijana, si ni wewe uliniambia sasa iko sawa?”

Sikumbuki kama nilisema hivyo. Inawezekana kabisa nilisema, vile mtu husema “iko sawa” akifunga skrubu ya mwisho.

Tulienda naye hadi kibandani. Mzee wetu alitoka kanisani akiwa na suti, akavua koti, hakuuliza kitu. Siku nzima ilienda hapo. Kuichimbua koili kwenye gundi kwa wembe na pasi ya moto, kuifungua waya ukihesabu mizunguko. Nilipoteza hesabu mara mbili, na mara ya pili alinipokonya akahesabu mwenyewe kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Waya mwingine ulitoka kwenye transfoma ya redio iliyokufa, unene ule ule au karibu. Kuzungusha upya, kulehemu, kuondoa ujinga wangu kwenye kitufe. Kisha kiwanjani, kreti, mshipi chini. Alizungusha ile skrubu ndogo mpaka ikapiga mluzi, akairudisha nyuma kidogo, pale tu mluzi ulipokatika. Kufuli kwa umbali wa shibiri: ikalia. Sarafu ya shilingi tano, karibu zaidi: ikalia. Kiganja kitupu: kimya. Aliirudia ile ya kiganja mara nyingi kuliko zote. Soja alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Alipoamka akauliza ni ngapi. Mzee akanionyesha mimi kwa kidevu, akasema hii imelipwa.

Jumatano nikapita mlango wa nyuma. Nilikuwa na simu, funguo, mshipi, na zipu ya jaketi. Fimbo ililia kifuani, ikalia kiunoni, ikalia mfukoni, ikalia tena. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na jamaa mmoja wa suti alikuwa anafyonza. Yule msichana akaitazama detekta, akaigonga kwenye kiganja, akaipitisha tena. Ikalia.

“Imeharibika tena,” akaniambia. “Na wiki ile nyingine ilikuwa imetulia.”

“Hapana, siz. Wiki ile nyingine ndiyo ilikuwa imeharibika.”

Akaniangalia. Halafu akaangalia utepe kwenye mshikio, halafu akaniangalia tena, muda mrefu kidogo. Jamaa wa suti akauliza ni nini kinaendelea huko mbele. Msichana hakumjibu. Akavuta beseni la plastiki lililokuwa chini ya kiti chake, akalisukuma mbele yangu kwa mguu.

“Basi toa kila kitu.”

Nikaanza na funguo.